Mashini moja, watu wawili, na umeme unarudi saa ya kupika

Watu wakisikia bibi na bwana wamegombana juu ya ordinateri, moja kwa moja mawazo inaenda kwa mesaji, kwa mtu wa pembeni, kwa picha zimefichwa fasi. Mimi hizo kesi nimezisikiliza, kwa majirani, kwa ndugu, kwa watu tunasali nao, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi kesi yenyewe ni ya saa: nani anakaa mbele ya mashini wakati umeme uko, na nani anaambiwa ngoja. Siri inakuja kuingia baadaye, watu wakiwa wameshachoka kuvutana.

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, saa zote hazina bei moja. Umeme wetu unatoka kwenye mto Ruzizi. Ile baraji ya kwanza ilijengwa mwisho wa miaka ya 1950, nguvu yake ni karibu megawati 30 ikiwa kila kitu kinatembea, na mara nyingi hakitembei, juu vifaa vimezeeka, kisha mvua ikinyesha takataka za mji zinatelemka ziwani, zile chupa za plastiki zinakuja kuziba kwenye turbini. Baraji ya pili, Ruzizi II ya 1989, tunagawana na Rwanda na Burundi. Na mji umepanda milima yote, Kadutu, Panzi, Bagira, watu wamejaa, kwa hiyo umeme unakuja kwa zamu na kwa nyumba nyingi unarudi jioni ao usiku, bila kubisha hodi.

Sasa angalia ile jioni yenyewe. Saa moja umeme unarudi, watoto wanashangilia, kila mtu anakimbilia priza na telefone yake. Baba anafungua mashini juu yuko na raporo ya kutuma kesho asubuhi. Mama yuko wapi? Yuko kwenye mbabula anageuza bugali, ao anasafisha sambaza, wale samaki wadogo, ao anaogesha mdogo, ao amebeba bidoni juu maji nayo imerudi saa ile ile. Anakuja kumaliza saa tatu, saa nne, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, njo anakaa. Anafungua kazi yake, anasoma alipoishia, anaandika mistari mbili tatu, umeme unaenda. Hakuna mtu alimkataza kutumia mashini. Baba ukimuuliza atakujibu kwa moyo safi kwamba ile mashini ni ya wote wawili, na hadanganyi. Lakini mashini ya nyumba inakuwa ya yule mwenye saa huru wakati umeme uko, hata kama ni mwingine aliyeinunua, na hizo saa huru kwenye nyumba nyingi za kwetu hakuna mtu aliyekaa chini kuzigawa.

Hili jambo limekuwa kubwa zaidi tangu 2025. Kisha mji kuchukuliwa kwa vita mwezi wa pili mwaka ule, mabenki yakafunga, maofisi mengi yakafunga milango, watu wengi wakapoteza kazi ao wakaanza kufanyia kazi nyumbani. Ile mashini ambayo zamani ilikuwa inalala ofisi sasa iko kwenye meza ya saloni, na watu wawili ambao zamani walikuwa wanaachana asubuhi na kuonana jioni wako pamoja siku nzima, kila mmoja na kitu chake cha kuandika, cha kutafuta, cha kutuma. Bwana anatafuta kazi, anatengeneza CV, anaandika proje. Bibi ni mwalimu, yuko na pointi za wanafunzi za kuingiza, ao anamalizia masomo yake ISP, kile chuo cha walimu, ao anauza vitenge kwa WhatsApp na hesabu ya madeni iko kwenye Excel. Zote ni kazi. Ila moja inaitwa kazi, ingine inaitwa "kuangalia kitu kidogo", na mimi naona hapo ndipo uonevu unaanzia, kabla hata mtu hajagusa mashini. Mwanaume akisema "niko na raporo" nyumba inanyamaza. Mwanamke akisema "niko na pointi za kuingiza" anaulizwa chakula kitaiva saa ngapi.

Wengine wanajaribu kutengeneza orere, baba kuanzia saa moja mpaka saa tatu, mama kuanzia saa tatu. Kwa mji ambapo umeme unafika saa unayotaka hiyo ingesaidia, hapa kwetu haifiki wiki mbili kabla haijavunjika, juu umeme ukirudi saa tatu na kuenda saa nne na nusu ni mmoja tu amekula. Namna inayotembea ni kuhesabu tangu umeme unarudi: ile saa ya kwanza ya umeme ni ya nani leo, ya nani kesho, na asiyekuwa na mashini njo anasimama kwenye mbabula na kwa watoto. Hicho kipande cha mwisho watu wanakiruka. Ukigawa mashini bila kugawa jiko, umemkatia bibi usingizi wake, atafanya kazi saa sita ya usiku na kuamka saa kumi na moja kuwasha makala. Najua wanaume watasema desturi hairuhusu. Nimeona wanaume wa hapa hapa wakipika bugali bibi akiandika TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, watoto wakakula, na hakuna ukoo uliokuja kuita mkutano.

Sheria nayo iko wazi kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuwa inamlazimisha bibi kupata ruhusa ya bwana kwa kila kitendo cha kisheria kinachomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe, marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yakaondoa ile ruhusa, sasa wawili wanapaswa kusikilizana. Bwana bado anaitwa kiongozi wa nyumba, sawa, lakini mali ni habari ingine: watu wakioana bila kuchagua namna ya kushika mali, sheria yenyewe inawaweka kwenye ushirika wa vile wanavyopata ndani ya ndoa. Ile mashini imenunuliwa kisha ndoa kwa mshahara wa mmoja ni ya wawili. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi na siri ya barua na mawasiliano kwa watu wote, haikuandika kwamba ukivaa pete ile haki inakwisha. Sitaki mtu apeleke mwenzake tribinali juu ya ordinateri. Nataka tu ile sentensi ya "hii ni mashini yangu, nilinunua mimi" iache kutumika kama mwisho wa mazungumzo, juu haina nguvu kisheria.

Kuna pia habari ya fasi, na hii watu hawaizungumzii kabisa. Nyumba ya kukodi ya vyumba mbili na saloni, ama anekse nyuma ya parsele ya mtu, utaweka mashini wapi? Wengi wanaiweka chumbani juu ya wezi na juu ya wageni. Sasa chumbani mmoja anaandika mwingine anataka kulala, mwanga uko usoni, vidole viko tak tak tak, na mlango umefungwa. Ule mlango peke yake unaleta maneno: unafanya nini pale ndani na mlango umefunga? Ukiiweka saloni, kuna televizio, kuna watoto na kazi zao za masomo, kuna jirani anaingia bila kupiga simu na kwetu mgeni haambiwi "niko bize", mgeni anapewa kiti na chai. Angalia vizuri nani anayesimama kumpokea. Baba akivaa vile vitu vya masikio kila mtu anaelewa yuko kwenye kazi, mama akikaa kwenye meza ile ile anaitwa kila dakika, mama maji, mama chumvi iko wapi, mama huyu ananipiga. Kwa hiyo kusema "meza iko pale, kila mtu akae" ni sawa kwa mdomo tu.

Mimi ningechagua saloni, kwenye kona, kiti kimegeuzia ukuta mgongo ili kila anayepita asisome kwenye ekra, na kanuni moja ambayo watoto wanafundishwa kama wanavyofundishwa kusalimia: aliye kwenye ile kona haitwi, unamwita yule mwingine. Watoto wanashika haraka sana, ni sisi wakubwa tunachelewa. Kwa mikutano ya video hakuna dawa, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano mvua ikipiga kwenye mabati husikii hata aliye pembeni yako, sembuse mtu wa Kinshasa kwenye simu. Mkutano muhimu upange asubuhi, juu mvua yetu inapenda mchana kuelekea jioni, ama uende kwa rafiki mwenye plafo.

Tuje sasa kwa neno la siri, juu najua wengi walikuwa wanangoja hapa. Kuna mafundisho yanatembea sana, kwenye mahubiri ya ndoa, kwenye vikundi vya wanandoa, kwamba wapendanao hawana neno la siri, ni mwili mmoja basi na telefone moja na mashini moja na kila kitu wazi. Naheshimu nia ya wanaofundisha vile, wameona nyumba nyingi zikianguka. Lakini historia yenyewe ya hiki kitu inasema tofauti. Mwaka 1961 pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, mtu anaitwa Fernando Corbató na wenzake walionyesha namna ya kufanya watu wengi watumie ordinateri moja kubwa kwa wakati mmoja, mfumo wao uliitwa CTSS, na ni huo mfumo unatajwa mara nyingi kama wa kwanza kuweka neno la siri kwa kila mtumiaji. Shida yao ilikuwa shida yetu kabisa: mashini ni moja, watu ni wengi, kila mmoja yuko na faili zake na saa zake, sasa tutajuaje hii ni kazi ya nani? Na mwaka 1962 mmoja wao, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa nne kwa wiki, hazikumtosha, akafanya mashini imchapie orodha ya maneno ya siri ya wenzake ili atumie na saa zao. Yaani wizi wa neno la siri unaosimuliwa tangu mwanzo kabisa ulikuwa wizi wa saa. Nikiangalia nyumba zetu naona bado ni vile vile.

Kwa hiyo kila mmoja awe na sesiyo yake kwenye mashini ya nyumba. Watu wanalala kitanda kimoja na kila mtu yuko na mswaki wake, hakuna anayesema ule mswaki ni dalili ya uzinzi. Kwenye Windows unaenda kwa mipangilio, kwenye akaunti, unaongeza mtumiaji, ni kazi ya dakika chache, haiombi pesa. Bwana anakuta faili zake vile alivyoziacha, bibi vile vile, na ule ugomvi wa "nani alifuta raporo yangu" na "nani alibadilisha jina la ile faili" unaisha wenyewe. Vitu vya nyumba nzima, skani za vyeti vya kuzaliwa, biltini za watoto, kontra ya nyumba, picha za ndoa, viwekwe kwenye ile folda ya wote ambayo Windows inaita Public, kila sesiyo inaiona.

Ila tusidanganyane: sesiyo mbili si ukuta wa saruji. Mwenye akaunti ya administreta, ile inayotawala mashini nzima, anaweza kufungua folda za mwingine kama anataka, mashini itamuuliza tu kama yuko na hakika. Kama tunasema usawa basi tuseme kamili: tengenezeni akaunti ya tatu ya administreta ambayo wote wawili wanajua neno lake, na nyinyi wawili mbaki na akaunti za kawaida. Hii inasaidia pia kwa virusi, juu akaunti ya kawaida haiwezi kuingiza programu ya mashini nzima bila lile neno la tatu. Na hapa kwetu virusi inakuja na flashi. Mtoto wa shangazi anakuja na flashi yake kutoka sekretariati ya fasi watu mia wamepitisha flashi zao, anaomba "kaka, nichapie tu ukurasa mbili", unafungua unakuta folda zote zimegeuka rakursi, na kazi ya bibi ya mwezi mzima haionekani tena. Shemeji, binamu, mtoto wa kanisa, kukataa ni vigumu, naelewa, basi wafungulie sesiyo ya wageni isiyo na kitu ndani, na muwe mmekubaliana wawili kabla, juu mara nyingi anayekubali ni mmoja na anayepoteza kazi ni mwingine.

Kitu kingine kidogo ambacho kinauma: mmoja anaacha sesiyo yake wazi, mwingine anaingia kwenye yake. Kwa mashini ya okazioni yenye RAM ya giga 4 hapo itaanza kukwama, juu programu za yule wa kwanza bado zinakula. Ukimaliza toka kabisa. Na ukizima mashini ikakwambia kuna mtu mwingine bado anaitumia na anaweza kupoteza kazi yake, usibonyeze tu ndiyo ukaenda kulala, ile sentensi inamzungumzia mwenzako.

WhatsApp ya kwenye ordinateri naitenga peke yake kwa sababu imechoma nyumba nyingi. Mtu anaifungua mara moja kushusha dokima, anafunga ukurasa, anafikiri imekwisha, kumbe telefone bado imeungana na mashini na yeyote anayeingia kwenye ile sesiyo anasoma kila kitu kinachoingia. Bibi anafungua asubuhi kufanya kazi yake, mesaji za bwana zinapita mbele ya macho yake, hakutafuta, zimemjia. Hapo utasema nani ana makosa? Ndiyo maana sesiyo mbili zinalinda hata yule asiye na kitu cha kuficha, juu mesaji za bwana si zake peke yake, kuna ndugu yake anamwambia ugonjwa wake, kuna rafiki anaomba deni na hataki ijulikane, hao hawakuoa nyumba yenu. Kwenye telefone nenda kwa vifaa vilivyounganishwa, utaona orodha, toa usivyovitaka.

Na kama mmoja anashuku mwenzake kweli kweli, aseme kwa mdomo. Kusoma mesaji za mtu usiku akiwa amelala hakujaponyesha ndoa yoyote ambayo mimi naijua, kunampa tu yule msomaji maneno ya nusu nusu ya kubeba tumboni siku nyingi.

Wengi wananiambia dawa ni kununua mashini ya pili. Ukiwa na pesa, nunua. Lakini mashini nyingi za okazioni zinazouzwa hapa ni za Windows 10, na Microsoft imemaliza kuisaidia tarehe 14 Oktoba 2025, nyingi kati ya hizo haziwezi kupokea Windows 11. Kisha mashini ya pili inataka priza ya pili kwenye umeme ule ule mfupi, na kama mnategemea paneli ndogo ya jua, sharja moja ya wati 65 tayari inaisumbua. Kabla ya hapo ningenunua betri. Betri ya laptopu inaanza kuchoka kisha kuchajiwa kamili mara 300 mpaka 500 hivi, na ile ya okazioni imekuja tayari imechoka, ukichomoa sharja dakika kumi na tano imezima. Betri mpya inabakisha mashini hai saa mbili tatu kisha umeme kuenda, na hizo ndizo saa ambazo mama anakuwa amemaliza jiko. Kwa nyumba ya umeme wa zamu, ile betri inagawa kazi vizuri kuliko mashini ya pili.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema lakini kwa mji wetu lazima tuliseme. Kila mmoja akiwa na neno lake la siri, siku mmoja amekufa ghafla, ao amekimbia, ao amefungwa, ao barabara imekatika yuko upande mwingine, nani atafungua zile hesabu, zile kontra, ile orodha ya watu wenye deni letu? Nimeona mjane akitembea na mashini kutoka fundi mpaka fundi, akiomba wafungue kitu cha marehemu, na fundi anamwambia tunaweza kufomati tu. Andikeni maneno yenu kwenye karatasi, kila mmoja bahasha yake imefungwa na kusainiwa juu ya gundi, ziwekwe kwenye ule mfuko wa vyeti vya watoto na karatasi za ndoa, na mkubaliane kwamba bahasha inafunguliwa tu kwa hayo niliyotaja. Ikikutwa imefunguliwa bila sababu, mtazungumza. Na ukibadilisha neno la siri, badilisha na karatasi siku ile ile.